Salio Kwanza, Mzigo Baadaye: Somo la Usalama wa Simu kwa Wafanyabiashara wa Werugha

Kabeji, nyanya na pilipili hoho za Werugha hushuka kupitia Wundanyi na Mwatate hadi Voi, na nyingine hufika soko la Kongowea, Mombasa. Mnunuzi huagiza kwa simu na kulipa kwa simu, pengine bila kuonana na mkulima hata mara moja. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, biashara ya namna hii imekuwa jambo la kawaida hata kwa mwenye kioski na mama mboga.

Tapeli naye anatumia simu hiyo hiyo. Mara nyingi hahitaji utaalamu wa kompyuta. Anachohitaji ni muuzaji mwenye haraka, na kwenye biashara ya mboga haraka haikosekani: lori linanguruma na mzigo utaharibika ukilala. Somo hili linaeleza hila zinazotumika zaidi na utaratibu ambao biashara ndogo inaweza kuufuata bila gharama.

1. Ujumbe si pesa

Tuchukue mfano. Mkulima anauza kabeji 400 kwa Sh30 kila moja, jumla Sh12,000. Jioni anapokea ujumbe wenye maneno yote ya M-Pesa: nambari ya muamala, kiasi, jina la mtumaji, hata salio jipya. Anaruhusu mzigo uondoke. Asubuhi anagundua kuwa salio lake halikuongezeka. Ujumbe uliandikwa na mtu, ukatumwa kutoka nambari ya kawaida ya simu.

Ujumbe halisi huja kwa jina la MPESA. Hata hivyo, jina pekee si ushahidi wa kutosha, na picha ya skrini iliyotumwa na mnunuzi haithibitishi lolote. Ushahidi ni salio. Muuzaji aliangalie mwenyewe kwenye simu yake kabla ya gunia la kwanza kupakiwa. Mtandao ukiwa dhaifu, mzigo usubiri. Mnunuzi wa kweli ataelewa. Anayekasirika na kuhimiza ndiye wa kutiliwa shaka.

2. "Nimetuma kimakosa"

Hapa tapeli hutuma ujumbe bandia, kisha hupiga simu akilia kuwa pesa hizo ni karo ya mtoto au bili ya hospitali. Anayerudisha hutoa pesa zake mwenyewe.

Jibu ni moja, pesa ziwe zimeingia au hazikuingia: anayedai ausambaze ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456, na Safaricom itashughulikia ombi la kurudisha muamala. Mpokeaji asitume chochote kwa mkono wake. Vilevile, asizitumie pesa zilizoingia kweli kimakosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inakataza kuficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia mtu kimakosa.

Hila hii ina upande wa pili: mnunuzi hulipa kweli, akachukua mzigo, kisha akaomba malipo yarudishwe. Kinga yake ni maandishi. Risiti yenye tarehe, idadi ya mzigo, nambari ya gari na sahihi ya aliyepokea humpa muuzaji cha kuonyesha anapopinga ombi hilo.

3. Mpigaji anayejiita mhudumu

Mpigaji husema anatoka Safaricom au benki, na kwamba laini itafungwa. Anataka nambari ya siri, nambari ya kitambulisho, au tarakimu 6 zilizoingia kwa meseji. Akipata tarakimu za WhatsApp, huiteka akaunti na kuwaomba wateja wa muuzaji pesa kwa jina lake. Akipata taarifa za laini, anaweza kuihamishia kwenye kadi nyingine. Dalili ni simu kupoteza mtandao ghafla huku za jirani zikiendelea kufanya kazi.

Safaricom imetangaza kuwa huwapigia wateja kwa nambari 0722 000 000. Kwa usalama zaidi, muuzaji akate simu, kisha apige 100 mwenyewe. Hatua tatu za kuchukua mapema:

- Kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.
- Kupiga *100*100# kuzuia laini ya Safaricom isibadilishwe bila yeye.
- Kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp.

4. Nambari moja ya siri kwa duka zima

Katika maduka mengi mwenye duka, mkewe au mumewe, na kijana wa kaunta hutumia nambari moja ya siri. Pesa zikipotea, lawama hugawanya familia na mhalifu hajulikani. Mwenye nambari ya Lipa na M-Pesa anaweza kumsajili msaidizi apate taarifa za malipo bila kumpa uwezo wa kutoa pesa.

Daftari la wakala na la madeni pia ni mali ya kulindwa. Lina majina, nambari za simu na za vitambulisho, yaani kile kile anachokitafuta tapeli. Lisiachwe wazi kaunta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde.

5. Siku mtandao unapolala

Mwishoni mwa Julai 2023 huduma za eCitizen zilivurugwa na shambulio la mtandaoni ambalo kundi linalojiita Anonymous Sudan lilidai kulitekeleza. Siku hizo hizo wananchi walilalamikia pia M-Pesa na ununuzi wa tokeni za umeme. Duka la Werugha haliwezi kuzuia tukio kama hilo, ila linaweza kulistahimili: pesa taslimu kidogo za chenji, daftari la mauzo, na nambari za wateja zilizoandikwa kwenye karatasi.

6. Saa ya kwanza baada ya wizi

1. Piga 100, na benki ikiwa akaunti imeunganishwa na simu.
2. Sambaza ujumbe wa utapeli, au nambari ya tapeli, kwa 333.
3. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu. Huo ni ushahidi.
4. Ripoti kituo cha polisi na uchukue nambari ya OB. DCI hupokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203.
5. Waarifu wateja na wanachama wa kikundi, ili tapeli asihamie kwao.

Aibu huwafanya wengi kunyamaza, na tapeli hunufaika na ukimya huo. Sheria ya 2018 inamtoza anayelaghai watu kwa ujumbe au tovuti bandia ili kupata taarifa zao faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Haiwezi kumfikia mtu ambaye hakuna aliyemripoti.

Zoezi la mkutano wa chama

Wanachama wagawanyike wawili wawili. Mmoja awe mnunuzi aliyeko Kongowea anayehimiza mzigo uondoke. Mwingine awe mkulima ambaye hajaliona salio. Wabadilishane nafasi. Kisha chama kiandike kanuni tatu za malipo ambazo kila mwanachama atazifuata, na zibandikwe mahali mizigo inapopakiwa.