Dawa Chungu na Mtoto Mdogo

Nimeonelea niandike machache juu ya somo alilotufunza mwalimu wetu wa kemia muhula huu, kwa sababu lilinikumbusha usiku mmoja nyumbani.

Nilikuwa na miaka 12, na mdogo wangu wa kike miaka miwili. Alishikwa na malaria. Tulikuwa na vile vidonge vigumu vya artemetha na lumefantrini. Mama akakiponda kimoja kwa mgongo wa kijiko, akatia maji, nami nikamshika mtoto mikono. Akaitema yote, shati langu likawa manjano. Tukaponda cha pili, hicho akakitapika. Dozi yake nzima ilikuwa vidonge sita kwa siku tatu, na usiku wa kwanza tulikuwa tumekwisha poteza viwili. Kulipokucha baba akampeleka zahanati kwa baiskeli.

Siku zile nilidhani kazi ya wataalamu huisha wakipata dawa ya kuua vijidudu. Sivyo. Kuna kazi ya pili, nayo ni kuitengeneza dawa hiyo iweze kufika katika damu ya mtoto wa kilo 10 asiyejua kwa nini anateswa.

Kila kidonge kina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Hiyo lumefantrini hupenda mafuta na kuyakataa maji; ndiyo sababu mgonjwa huambiwa ainywe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Basi haiwezi kuyeyuka katika maji kama chumvi.

Kampuni ya Novartis na shirika la Medicines for Malaria Venture wakatengeneza kidonge kinachojivunja chenyewe katika maji kidogo. Ndani yake mmetiwa kitu kinachonyonya maji na kuvimba upesi, hata kukipasua kidonge. Mwalimu alituletea kimoja kilichopitwa na muda wake, tukakitia katika gilasi. Dakika tatu hazikuisha, kikawa kama uji mwepesi wa manjano. Mwenzetu mmoja akasema, "Kimeyeyuka!" Mwalimu akamwambia angoje. Gilasi ilipotulia, unga ukashuka chini. Kwa hiyo mama hana budi kukoroga, kisha akisuuze kikombe kwa maji kidogo na mtoto anywe hayo pia, maana dawa hubaki chini.

Ikabaki shida ya uchungu. Walitia sakarini, kisha wakawaonjesha watoto wa shule huko Tanzania ladha tatu: stroberi, chungwa na cheri. Ikachaguliwa cheri. Mimi tunda hilo sijapata kuliona hata leo, na ningalichagua chungwa, lakini sikuulizwa.

Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya majaribio kwa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania. Baada ya siku 28, waliopona kwa kidonge kipya walikuwa 97.8 katika kila 100, na kwa kile cha kuponda 98.5. Nikainua mkono kuuliza: ikiwa cha kuponda hakikushindwa, faida ya kipya ni nini? Mwalimu akajibu kwamba walitaka kuhakikisha kwamba kidonge kitamu hakikupungua nguvu, na kweli hakikupungua. Faida yenyewe niliijua mimi mwenye shati. Dawa hiyo ilianza kutolewa mwaka 2009.

Hata hivyo ilikuwa ya watoto wa kilo 5 na zaidi. Wachanga walipewa hiyo hiyo ya watoto wakubwa zaidi, na mwili wa mchanga haufanyi kazi na dawa kama wa mtoto mkubwa. Mwezi wa Julai 2025 idara ya dawa ya Uswisi iliidhinisha dawa ya watoto wa kilo 2 hadi chini ya 5. Nchi nane za Afrika zilishiriki katika kuichunguza, na Uganda yetu ilikuwamo.

Mdogo wangu sasa ana miaka tisa, mzima kabisa. Ukimwonyesha kijiko chenye kitu cha manjano, hata kama ni asali, hukimbia.