Nimetapeliwa kwenye mnada wa mtandaoni: nitarudishiwaje fedha?

Swali: Nilishinda mnada wa kamera kwenye eBay. Imefika lenzi ikiwa na ufa, na muuzaji hajibu ujumbe. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Haki yako ipo, ila usichelewe: eBay hutoa siku 30 tangu mzigo ufike. Piga picha ufa, boksi na lebo ya posta, kisha fungua dai kupitia akaunti yako kwamba bidhaa si kama ilivyoelezwa. Muuzaji ana siku 3 za kazi kulimaliza. Akikaa kimya, iombe eBay iamue. Ukitakiwa kurudisha kamera, tunza namba ya kufuatilia mzigo. Akikushawishi mmalizane pembeni, kataa katakata. Kama ulilipa kwa kadi na dai likikwama, ione benki yako mapema ikusaidie kurejesha malipo.