Chenga kwenye picha: tafuta mwanga kwanza

Kidete giza halibishi hodi. Reli ya kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, hapa inafuata bonde la mto Mkondoa katikati ya milima, kwa hiyo kivuli cha mlima kinafunika reli kabla jua halijazama. Likishazama, zinapita dakika kama ishirini tu kabla hujatafuta tochi. Hapo ndipo wapigapicha tunapoharibu kazi. Picha inaonekana safi kwenye kioo kidogo cha kamera. Ukiifungua kwenye kompyuta imejaa chenga kama televisheni iliyopoteza antena.

Wengi tunailaumu ISO. Mimi niliilaumu miaka. Niliwahi kupiga harusi usiku, ukumbi mzima una taa mbili, nikaibana ISO 400 nikijiona fundi. Picha zikatoka nyeusi. Nilipozing'arisha kwa programu nyumbani, chenga zikachomoza hadi kwenye shela la bibi harusi. Kumbe kwa kasi na lenzi ileile, ningepandisha ISO hadi 3200 nikapata mwanga sawasawa palepale, kamera nyingi zingenipa picha safi kuliko ile.

Fikiria mvua ya rasharasha. Tega vikombe uani: kimoja kitapata matone matatu, jirani yake saba, ingawa mvua ni moja. Ikinyesha kubwa, vyote vinajaa karibu sawa. Kihisi cha kamera ni mamilioni ya vikombe vya namna hiyo, na chenga ni ile tofauti ya matone. ISO haiongezi hata tone moja, inakuza kilichopatikana. Mwanga ukiongezeka mara nne, chenga zinapungua kwa nusu. Ndiyo maana pia simu, ambayo kihisi chake ni kidogo kuliko ukucha, inahangaika usiku kuliko kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24.

Basi pesa yako ya kwanza nunulia lenzi, usinunulie programu. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya ile inayokuja na kamera, ambayo ukiivuta hadi 50 inaishia f/5.6 au karibu na hapo. Hata iliyotumika inafaa.

Kisha angalia kitu chenyewe kinatembea kiasi gani. Mzee aliyetulia kwenye benchi, 1/60 inamtosha. Kituo kitupu, weka kamera kwenye stendi, ISO 100, acha mlango wa mwanga wazi sekunde kadhaa. Treni ya umeme ya SGR ni habari nyingine: kwa kilomita 160 kwa saa, ndani ya 1/30 ya sekunde imeshasogea karibu mita moja na nusu. Hapo nenda 1/500 au zaidi, pandisha ISO bila woga, ukubali chenga. Chenga zinapunguzika, picha iliyotikisika haina dawa.

Chochote unachopiga, iache picha iwe na mwanga mwingi kadiri inavyoweza bila shati jeupe kuungua. Tazama grafu ya mwanga, kwa sababu kioo cha kamera gizani hudanganya: kinang'aa kuliko picha yenyewe. Hifadhi faili la RAW. Kamera usiiache juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa, maana kihisi kikipata joto huongeza chenga zake chenyewe, hasa kwenye picha za sekunde nyingi.

Kitu kikiwa kimetulia na stendi ipo, piga picha nne zinazofanana uzichanganye kwa programu kupata wastani wake. Chenga zinabaki nusu. Simu zinapowasha hali ya usiku zinafanya karibu hivyohivyo, kimyakimya.

Programu ya kusafisha ije mwisho. Anza na madoa ya rangi, yale mekundu na ya kijani kwenye vivuli. Yanatoka bila kuumiza picha. Chenga za kijivu ziguse kidogo tu. Ukizidisha, ngozi ya mtu inakuwa kama ya mwanasesere, na mama wa bibi harusi atakuuliza mwanaye umemfanyaje. Kabla hujahangaika nazo, chapisha picha moja ya inchi 4 kwa 6 uitazame mkononi: sehemu kubwa ya chenga ulizoziona kwenye kompyuta hutaziona hapo.