April Ashley: Mwili, Sheria na Kalamu ya Daktari

April Ashley alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1935, akaandikishwa kuwa mtoto wa kiume. Mwaka 1960 alifanyiwa upasuaji wa kubadili jinsi na Dakta Georges Burou mjini Casablanca, Moroko. Mwaka 1963 aliolewa na Arthur Corbett.

Ndoa ilipovunjika, mume aliiomba mahakama itamke kwamba haikuwa ndoa tangu mwanzo. Jaji Roger Ormrod, ambaye mwenyewe alikuwa amesomea udaktari, alisikiliza ushahidi wa mabingwa wa tiba, na mwaka 1970 akatoa hukumu. Vigezo vyake vilikuwa vitatu: kromosomu, tezi za uzazi na viungo vya uzazi, kama vilivyokuwa wakati wa kuzaliwa. Upasuaji na hali ya nafsi havikuweza kuvitengua. Ndoa ikatamkwa batili.

Hukumu hiyo iliwafungia njia wengine wengi kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2002 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba Uingereza ilikiuka haki ya faragha na ya ndoa. Sheria mpya ikapitishwa mwaka 2004. Mwaka 2005 Ashley alitambuliwa kisheria kuwa mwanamke. Alifariki mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 86.

Maelezo ya daktari hayaishii katika faili. Mhudumu wa afya aandike alichopima, na aeleze mipaka ya kipimo chake. Mgonjwa naye asisite kuuliza kilichoandikwa juu yake.