DAWA YA JINO NI KUNG'OA. NA DAWA YA MAUMIVU JE?

Ndugu msomaji, wahenga walisema dawa ya jino ni kung'oa. Walinena kweli, lakini hawakutuambia la kufanya ganzi ikishaisha! Hapo taya huanza kupwita na usingizi hauji. Wengi hukaa na jino bovu mwaka mzima kwa kuogopa saa hizo tu. Basi hebu tutazame tiba moja ambayo imepimwa kwa maumivu haya haya: akupancha.

1. Akupancha ni nini?
Ni tiba ya kudunga mwili kwa sindano nyembamba sana zisizo na dawa ndani. Ilianza Uchina zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Waganga wa huko walifundisha kwamba mwilini mna njia zinazopitisha nguvu iitwayo qi, na kwamba sindano huifungua njia iliyoziba. Kwa maumivu ya meno hudunga usoni karibu na taya, na pia mahali paitwapo hegu, yaani kwenye mnofu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ajabu hiyo! Jino liko kinywani, sindano iko mkononi.

2. Sayansi yasemaje?
Wanasayansi hawajaiona hiyo qi. Wengi wao hueleza kwamba sindano huamsha neva, neva hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo hutoa endofini, vitulizo vya maumivu ambavyo mwili hujitengenezea.

3. Jaribio
Mwaka 1999 watafiti wa Baltimore, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 39 waliong'olewa magego ya mwisho. Kundi moja lilidungwa kikweli. La pili lilibandikwa sindano juu ya ngozi tu, ili wadhani wamedungwa. Waliodungwa walikaa kama dakika 173 bila maumivu; wenzao dakika 94. Tofauti ni zaidi ya saa moja, na hiyo si haba. Hata hivyo watu 39 ni wachache, na waliodungwa pia waliumwa baadaye wakahitaji dawa.

4. Tahadhari
(a) Sindano hupunguza maumivu tu. Haitibu jino bovu wala haiui viini. Uvimbe ukizidi, homa ikija au damu ikikataa kukoma, rudi kwa daktari wa meno mara moja.
(b) Sindano sharti iwe mpya. Iliyotumika yaweza kuleta ukimwi au homa ya ini.
(c) Usijidunge wala usimdunge mwenzako. Hiyo ni kazi ya aliyesomea.

Kwa hivyo mwenzangu, maumivu ya kung'olewa yana vitulizo, vya kidonge na hata vya sindano. Jino linalooza halitibiwi kwa vitulizo hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Msamiati
Ganzi: hali ya kutohisi kitu.
Gego: jino la nyuma la kusagia.
Kupwita: kupigapiga kama mshipa.

Maswali
1. Kwa nini kundi la pili lilibandikwa sindano bila kudungwa?
2. Taja jambo moja ambalo akupancha haiwezi kulifanyia jino bovu.