Mbuzi wa Ana



Siku ya harusi wengine huchagua somo la Kitabu cha Tobiti sura ya 8, pale Tobia na Sara wanaposali usiku wao wa kwanza. Ni somo zuri. Lakini leo fungueni sura ya 2, habari ya wazazi wa Tobia. Hiyo ndiyo mtakayoihitaji siku kazi itakapokwisha.

Tobiti alikuwa mtu wa imani. Akiwa uhamishoni Ninawi aliwazika Waisraeli wenzake waliouawa, hata akanyang'anywa mali yake yote. Baadaye akapofuka kwa miaka 4. Jamaa aliyemtunza alihama baada ya miaka 2, na Ana, mkewe, akawa anafuma nguo kwa ujira. Siku moja waajiri walimlipa, wakamwongezea mwana-mbuzi. Mbuzi alipolia nyumbani, Tobiti akadhani ameibwa, akaamuru arudishwe. Ana alieleza, mume hakusadiki. Ndipo mke naye akamrushia neno zito: sadaka zako zote zimekufaa nini?

Hebu tazameni! Mtu huyu alimtumaini Mungu hata mfalme alipotaka kumwua, lakini hakuweza kumwamini mkewe kwa sababu ya mbuzi mmoja. Mimi naona mbuzi hakuwa na kosa. Kilichomuuma Tobiti ni kulishwa.

Nyumba zetu zinaijua habari hii. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, walimu wengi wa shule za binafsi walikaa miezi bila mshahara. Katika hali kama hiyo mume anayeshinda nyumbani huanza kuuliza: umechelewa wapi, na unga huu umenunuliwa na nani? Mke aliyechoka naye humkumbusha, tena mbele ya watoto, kwamba kodi ameilipa yeye.

Bwana, barua ya kuachishwa kazi ikija, mwonyeshe mkeo siku hiyo hiyo. Kuna wanaoendelea kufunga tai kila asubuhi na kuzurura mjini hadi jioni. Huko si kumkinga mke. Ni kumnyima mzigo aliouahidi altareni. Mama, fedha ikiwa mkononi mwako, iwekeni mezani muipange pamoja: unga, karo, deni la dukani. Asiyeleta shilingi awe na sauti pia. Na apike, kwani mwiko unachagua mkono?

Baada ya ugomvi ule Tobiti alisali, ila hatusomi kwamba alimwita Ana. Aliomba afe. Hata hivyo Mungu alimsikia, na Rafaeli akatumwa. Lakini Tobiti hakujua lolote. Bado alikuwa kipofu, na bado chakula kilitoka kwenye kibarua cha mkewe.

Usiku huu someni sura ya 2 na ya 3 pamoja. Mume asome maneno ya Ana, na mke asome ya Tobiti. Kisha kila mmoja amwambie mwenzake ni neno gani lilimwia gumu kulitamka.