Simu ya Mhamasishaji wa Afya: Inavyofanya Kazi na Haki Zako

Mnamo Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini walianza kupewa simu na mikoba ya vifaa vya kupimia. Yule jirani aliyekuwa akibisha hodi na daftari, sasa anakuja na simu. Wakazi wengi wanauliza: simu hiyo inaandika nini, na inamsaidia nani?

Simu inafanya nini?

Kila mhamasishaji hutembelea takriban kaya 100. Programu iliyo kwenye simu humwongoza swali kwa swali. Chukua mfano wa mtoto wa miaka miwili anayekohoa. Mhamasishaji huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya homa ya mapafu, na mtoto hupewa rufaa kwenda zahanati au kituo cha afya. Utepe wa kupimia mkono nao huonyesha lishe: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali.

Kwa watu wazima, mkoba una mashine ya kupima shinikizo la damu na kifaa cha kupima sukari. Vipimo hivi ni muhimu kwa sababu shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu hujiona mzima hadi siku anapopata kiharusi. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinahitaji kurudiwa na kuchunguzwa kituoni.

Pasipo na mtandao, simu huhifadhi taarifa na kuzituma baadaye. Hivyo hata vijiji vya mbali huhesabiwa pale mipango ya afya inapofanywa.

Simu haiwezi nini?

Simu haitibu. Ukipewa rufaa usiende, kazi yote ya kupima imekwenda bure. Pia, simu hufanya kazi kwa kile ilichoambiwa. Mama akificha ujauzito, au mgonjwa akisema anameza dawa ilhali ameziacha, ushauri utakaotoka utakuwa na kasoro.

Je, siri yangu iko salama?

Watu husema ukweli pale tu wanapoamini kuwa hautafika sokoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa za afya kuwa data nyeti, na Sheria ya Afya Dijitali ya mwaka 2023 inasimamia taarifa hizo katika mifumo ya afya. Una haki ya:

• kuelezwa kwa nini taarifa zako zinachukuliwa;
• kuuliza ni nani atakayeziona;
• kuomba makosa yasahihishwe;
• kuzungumza faraghani, mbali na wageni na hata jamaa.

Siri yako ikivujishwa, mweleze afisa wa afya ya jamii anayemsimamia mhamasishaji huyo, au uwasilishe malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Tahadhari

Kupimwa nyumbani na mhamasishaji hakulipiwi. Asiyemfahamu mgeni aliyekuja kupima amuulize mzee wa mtaa au zahanati iliyo karibu. Usimpe mtu yeyote nambari ya siri ya simu yako; hakuna kipimo cha afya kinachoihitaji.

Maswali ya kujadili nyumbani na barazani

1. Je, unamjua mhamasishaji wa afya wa kijiji au mtaa wako kwa jina?
2. Ni nani katika kaya yako aliyepewa rufaa na bado hajaenda? Anazuiwa na nini: nauli, muda au hofu?
3. Ni mahali gani nyumbani kwenu mtu anaweza kuzungumza na mhamasishaji bila kusikika?

Jibu la swali la pili lisingoje. Kama yupo mtu wa namna hiyo, msaidieni afike kituoni wiki hii.